Yameanza au yameingia?

Neno letu la leo ni "set in", na mimi lilinifundisha adabu.

Nilikuwa mgeni hapa Ibra. Bibi mmoja, mzaliwa wa Unguja, aliletwa na mjukuu wake: sukari imepanda, kidole cha mguu kimevimba na kuwa cheusi pembeni. Daktari akaniambia, "Infection has set in," na akataka bibi alazwe siku ile ile. Bibi akiumwa hataki Kiarabu, ni Kiswahili tu. Nikamfasiria: "Bibi, maradhi yameanza."

Akacheka. "Kama ndo kwanza yanaanza si neno, mwanangu. Nitarudi harusi ya mjukuu ikishapita."

Alirudi siku ya sita. Vidole viwili vikakatwa.

Diploma ya nyumbani ninayo na digrii ya ng'ambo ninayo, na bado nilikosea neno la herufi tano. "Set in" ni kuanza, lakini ni kuanza kwa mgeni aliyekwisha tandika mkeka. Jambo limeshika na litakaa. Tena huwa jambo lisilopendwa: maumivu, kuoza, hofu, baridi kali. Furaha haisemwi hivyo. Na kitu huingia chenyewe. Daktari ha-"set in" ugonjwa kwa mtu. Wakati uliopita neno halibadiliki, ni "set" vilevile, kwa hiyo kwenye faili la mgonjwa tazameni "has" au "had" iliyotangulia. Mkilikuta humo, msilisome kama dalili za mwanzo.

Kiswahili chake alinipa bibi mwenyewe, siku namfunga kidonda na kumwomba radhi.

"Ungenambia yameingia," alisema. "Kama kaskazi."

Baba yake alikuwa mtu wa Sur, wa majahazi. Kaskazi ikishaingia, mwezi wa Disemba hivi, haiondoki kesho. Inavuma miezi, na majahazi ya Sur yalishuka nayo hadi Unguja, yakangoja kusi ndipo yarudi. Waingereza nao husema pepo hizo "set in". Neno lilikuwa kwetu siku zote, mimi nikalitafuta kwenye kamusi.

Wiki ijayo tutatazama "come on". Mgonjwa akisema maumivu "came on" usiku, hajamwambia mtu twende.