Mvua haisubiri sanduku la Desemba

MVUA za msimu wa pili zinapoingia wilayani Kasese, huingia pamoja na muhula wa tatu wa shule. Kwa mzazi wa Bwera, Mpondwe, Kyarumba au Kilembe hayo si mambo mawili. Ni fedha ile ile inayodaiwa na watu wawili katika majuma yale yale: mhasibu wa shule anataka ada, na paa linataka bati.

Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hutueleza kwenye simu jinsi wanavyojiandaa kwa majira ya baridi, wakinunua makoti na kulipia joto la nyumba. Sisi theluji tunayo, lakini imekaa kileleni Ruwenzori na haijapata kumfuata mtu nyumbani kwake. Kinachotufuata nyumbani ni maji. Yanakuja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei, na tena kuanzia mwisho wa Agosti hadi karibu na Krismasi. Yanaleta baridi kwa walioko milimani, malaria kwa walioko bondeni, na bei kubwa za chakula kwa wote.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake ukabomoa nyumba na madaraja kuanzia Kilembe hadi mjini Kasese. Mei 2020 ulirudi, safari hii ukiandamana na Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa hata wagonjwa wakahamishwa, maelfu ya watu wakapoteza makao, na wengine wao walikaa miaka kadhaa katika kambi ya Muhokya. Kisha siku za mwanzo za Septemba 2022, usiku, udongo wa mlima uliteremka juu ya nyumba za kijiji cha Kasika, gombolola ya Rukoki, ukaua watu zaidi ya 10, wengi wao akina mama na watoto. Msimu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza.

Huo mwaka 2020 wafanyabiashara wa mpakani wanapaswa kuutazama kwa makini kuliko wengine. Mwezi Machi mpaka ulifungwa kwa watu kwa sababu ya korona, malori ya mizigo tu yakiruhusiwa. Mama aliyekuwa akiishi kwa kuvuka na chumvi, samaki au unga kati ya Mpondwe na Kasindi alikaa nyumbani akila mtaji wake. Mto ulipofurika mwezi Mei ulimkuta hana mtaji, hana akiba, na hana mahali pa kukopa kwa kuwa jirani yake naye alikuwa hivyo hivyo. Tunausema mto, na ni haki yake kusemwa, lakini uliwakuta watu mifuko yao ikiwa mitupu.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Kaya nyingi za Kasese hazikosi fedha mwaka mzima. Zinazikosa Agosti na Septemba. Maharagwe ya msimu wa kwanza yakishavunwa, huuzwa upesi kwa sababu kila mtu anauza na ada inakaribia, kwa hiyo bei huwa chini. Oktoba na Novemba familia ile ile hununua maharagwe sokoni kwa bei ya juu, pengine kutoka kwa mchuuzi yule yule. Mwalimu wa hesabu hahitaji ubao kuona hasara hiyo.

Wakati huo huo, sanduku la kikundi cha kuweka akiba na kukopa limefungwa kwa kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Vikundi vingi hugawana Desemba. Fedha zinatoka mvua zikiwa zinakwisha, paa limekwishavuja, mtoto amekwishaugua na magunia yameoza. Zinakwenda kwenye nguo mpya, nyama na ugeni. Hatuna ugomvi na Krismasi, nasi tunaila. Lakini kikundi kinachogawana wiki ya pili ya Agosti kinampa mwanachama wake msaada mara mbili zaidi kwa shilingi zile zile.

Fedha hizo zikipatikana mapema, zianzie wapi? Tunasema zianzie kwenye chakula na karatasi, kabla ya bati. Wengi watashangaa.

Tuchukue kaya ya watu sita inayopika nusu kilo ya maharagwe kwa siku. Kwa siku 60 zilizo ngumu zaidi inahitaji kilo 30. Kilo hizo zikiwekwa kando wakati wa mavuno hazigharimu chochote ila moyo mgumu. Zitiwe kwenye jerikeni safi na kavu, zijazwe hadi mdomoni, mfuniko ukazwe sana. Bubu wa maharagwe wakikosa hewa hufa wenyewe, bila dawa. Jerikeni lisifunguliwe kila siku, vinginevyo kazi yote ni bure.

Mahindi yana hila zaidi, kwani yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kipimo chake ni chumvi, na sisi wa jirani na Katwe hatuna sababu ya kukosa chumvi. Ianikwe mpaka ikauke kabisa, isagwe ilainike, vijiko viwili au vitatu vya kulia chakula vitiwe kwenye chupa kavu ya kioo. Punje za mahindi ziongezwe hadi thuluthi ya chupa, itikiswe kwa dakika kama tatu, iachwe itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayafai kuingia ghalani. Ikiteremka yote chini, yamekauka. Kipimo hiki hakina bei, na tungependa kukiona kikifundishwa darasa la tano badala ya mambo mengine tunayowakaririsha watoto.

Sasa karatasi. Sisi tuliosoma ukimbizini upande wa Zaire, huko Mutwanga, Beni na Butembo, tunajua uzito wa buletini ya darasa la sita. Waliorejea nayo waliingia shule waliyostahili. Waliorejea mikono mitupu, wengine walirudishwa nyuma madarasa mawili, wakakaa na watoto waliowapita kwa kimo. Mimi niliipata yangu kwa sababu mama aliishona ndani ya mto wa kulalia. Kwa mwananchi aliyezaliwa na kusoma Kampala, cheti kilicholowa ni usumbufu. Kwa mtu aliyerejea, cheti hicho kilitolewa na shule iliyo ng'ambo ya mpaka, pengine katika kijiji ambacho vita vimekitawanya, na hakuna ofisi ya kukiomba upya. Kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa, mkataba wa shamba wenye sahihi za mashahidi, kadi za kliniki na kitabu cha kikundi vitiwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, vifungwe na kuning'inizwa juu karibu na mlango ambapo hata mtoto anaweza kuunyakua mfuko usiku. Mwenye simu avipige picha na kumtumia ndugu aliye mbali.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye nyumba. Siyo lazima bati jipya. Nyumba nyingi za waliorejea ni za fito na udongo, na adui yake mkubwa ni maji yanayopiga chini ya ukuta. Mfereji wa kina cha mkono kuizunguka nyumba, wenye mahali pa kutolea maji pasipo kwa jirani, unataka jembe na siku moja. Paa likazwe kwa waya kwenye mihimili, maana upepo hutangulia mvua. Matundu ya misumari yazibwe kwa lami kidogo. Anayeweza kununua mabati mawili basi ayaweke mahali wanapolala watoto na panapokaa nafaka, sebule ivuje.

Kuni zikatwe na kupangwa kwenye uchaga juu ya meko wakati jua bado lipo. Makaa hupanda bei kila barabara inapokuwa tope, na kuni mbichi zinajaza nyumba moshi unaowakohoza watoto usiku kucha. Blanketi la mitumba lina bei nafuu zaidi Julai kuliko Oktoba. Chandarua kishonwe, kisifanywe wavu wa samaki.

Maji ya kunywa ni kichekesho cha msimu huu: yamejaa kila mahali na hayanyweki. Vyoo vya bondeni hufurika, mito inabeba kila kitu, na kipindupindu kimewahi kutupitia. Hesabu ni hii. Paa la bati la meta 6 kwa 5 lina eneo la meta za mraba 30. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si kubwa, inatupa lita 600, yaani jerikeni 30 za lita 20. Hata tukikinga nusu yake kwa mfereji wa bati kuukuu na pipa moja, mtoto haendi mtoni siku ambayo mto umechafuka. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa. Ya kunywa yachemshwe.

Kuna nyumba, hata hivyo, ambazo hakuna bajeti inayozifaa. Ni zile zilizojengwa chini ya ukingo uliochimbwa mlimani, na zile zilizo kwenye mchanga ambao mto uliwahi kupita. Wenye nyumba hizo wanajijua. Wengine walirejea wakakuta mashamba ya wazee yamekwishagawanywa, wakapewa kipande ambacho hakuna aliyekitaka. Kuwaambia wahame bila kuwaonyesha pa kuhamia ni maneno matupu. Lakini kukubaliana tangu sasa na ndugu aliye mahali salama, kwamba usiku wa mvua kubwa watoto watalala kwake, ni jambo linalowezekana. Ardhi ikipasuka nyufa, miti ikianza kuinama, chemchemi ikigeuka tope, ni wakati wa kuondoka. Na mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha mlimani, asiwepo wa kushangilia: huenda magogo na mawe yameziba huko juu na maji yanajikusanya.

Kwa wachuuzi wa Mpondwe tuna neno la ziada. Bidhaa zisilale chumba kimoja na chakula cha nyumbani, wala zisiwekwe sakafuni. Magogo mawili na mbao chache zinatosha kuuinua unga na vitenge. Mtaji usihesabiwe kama akiba ya mvua. Tena njia za panya zinazovuka Lhubiriha kwa miguu ziachwe msimu huu. Kodi inayokwepwa kwa gunia moja hailingani na mtu anayechukuliwa na maji.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya jembe la mwananchi. Wataalamu wa hali ya hewa hutoa utabiri wa msimu wa Septemba hadi Desemba, lakini taarifa hiyo hubaki kwenye semina na barua. Ipelekwe sokoni Mpondwe siku za Jumanne na Ijumaa, isomwe kwa kipaza sauti kwa Kiswahili na Lhukonzo, kwa kuwa siku hizo mbili nusu ya wilaya ipo pale, na jirani zetu wa Kasindi pia. Mawe na mchanga uliojaa kwenye mkondo wa Nyamwamba uondolewe wakati wa kiangazi, siyo baada ya mafuriko mbele ya kamera. Kamati ya maafa ya kila gombolola itangaze sasa ni shule ipi au kanisa lipi litafunguliwa usiku wa hatari, na nani anao ufunguo.

Wakuu wa shule wenzetu nao tunawaomba wakubali ada ya muhula wa tatu kwa mafungu matatu. Mtoto anayerudishwa nyumbani wiki ya kwanza ya muhula kufuata ada humlazimisha baba yake kufungua lile jerikeni la maharagwe na kuliuza.

Vikundi ambavyo mzunguko wao umekwishaanza vitasema katiba hairuhusu kugawana kabla ya Desemba. Haihitaji kuvunjwa. Wanachama wakutane mara moja, waafikiane kila mmoja akopeshwe Agosti nusu ya hisa zake mwenyewe bila riba, airudishe kidogo kidogo au ikatwe siku ya kugawana. Mwenye hisa za shilingi 200,000 atapata 100,000 mfereji ukiwa bado haujachimbwa. Mzunguko unaofuata uanze Septemba, na katibu aandike tarehe ya mwisho kwenye jalada la kitabu kwa wino usiofutika.