Kukonda Siyo Ugonjwa Wake

Jamani wanachuo, kuna kauli moja inawamaliza watoto polepole: "Hawa wenye mtindio wa ubongo ndivyo walivyo, hawanenepi." Inasemwa mtaani, inasemwa kliniki, na tusipoangalia tutahitimu nayo.

Mtindio wa ubongo unaathiri namna mtoto anavyotawala misuli yake. Tunaona miguu iliyokakamaa, tunasahau kwamba ulimi, midomo na koo navyo vinaendeshwa na misuli. Ulimi ukisukuma chakula nje, tunasema amekataa kula. Akikohoa kila kijiko, eti ana mafua. Kumbe chakula kinapotea njia na kuingia kwenye mapafu. Nimonia inarudi mara kwa mara, na kila ikirudi kilo zinashuka.

Sasa mtazame mama. Amempakata mwanawe, kichwa kimelala nyuma, anammiminia uji mwepesi ili angalau kitu kishuke. Kwa mtoto huyu, mkao huo unarahisisha kupaliwa, na uji mwepesi unawahi kuteremka kabla koo halijajiandaa. Tena uji huo ni maji mengi, nguvu kidogo. Saa nzima inakwisha, mtoto amechoka, tumbo limejaa, mwili haujapata kitu. Halafu kliniki anaambiwa, "Mama, humlishi mtoto." Yeye anayeshinda na kijiko mkononi!

Mengi yanayosaidia hayahitaji mashine. Mtoto akae wima, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo. Anayemlisha akae mbele yake, atumie kijiko kidogo, asubiri ameze kwanza. Chakula kiwe kizito na laini: parachichi, ndizi ya kuponda, uji mzito wenye karanga zilizosagwa, maziwa au mafuta. Akiendelea kupaliwa, aonwe na mtaalamu, maana wapo wanaohitaji kulishwa kwa mpira.

Hoja yangu ni kwamba kazi hii si ya wauguzi peke yao. Wa lishe, mnajua kuongeza nguvu kwenye uji bila kuongeza bakuli. Wa uhandisi, mnatafuta mada za projekti kila mwaka: Zimbabwe walishaonyesha kuwa maboksi na gundi ya unga vinatoa kiti imara cha mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe. Wa ustawi wa jamii, nyie ndio mnaoingia majumbani, na huko ndiko mtoto anakolia chakula.

Kwa hiyo tukienda fildi, tuache kuishia kwenye mizani na kadi ya kliniki. Tumuulize mama maswali mawili: "Mtoto anakulaje? Mlo mmoja unachukua muda gani?" Kisha tukae tuangalie mlo huo mpaka mwisho, bila kumkaripia. Hilo halisubiri boom wala mfadhili. Na mtoto akipungua uzito, tutafute sababu kama tungefanya kwa mtoto mwingine yeyote.