Mtoto Mkristo na Chuo cha Kusomea

Juma hili tunalo swali la mama mmoja, mke wa askari polisi aliyepangiwa kazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Binti yake amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri masomo ya sayansi; ataka kuwa daktari. Baba amemchagulia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Wazee wa kanisa wasema mtoto wa Kikristo apelekwe chuo cha Kikristo, asije akapotea. Mama yu katikati, na akiba iliyopo ni ya kujaribu mara moja tu.

Chuo hicho cha Mbarara ni cha Serikali. Kilianza mwaka 1989 kwa kufundisha udaktari, nacho kiko jirani na hospitali ya rufaa ambamo wanafunzi hujifunzia kazi. Kwa ibada, binti hatakosa mahali: Waanglikana wana kanisa kuu la Ruharo, Wakatoliki wana lao Nyamitanga. Aliyelelewa vema nyumbani atakwenda Jumapili bila kusukumwa. Asiyelelewa hatengenezwi na msalaba uliochorwa langoni mwa chuo.

Hatusemi kwamba vyuo vya makanisa havifai. Hapo hapo Mbarara kipo Bishop Stuart, cha Dayosisi ya Ankole. Mukono kipo Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, kilichotokana na chuo cha theolojia cha Bishop Tucker mwaka 1997. Na Nkozi kipo cha Mashahidi wa Uganda, cha Wakatoliki. Mzazi na aulize kwanza kama somo lenyewe lafundishwa huko, na kama Baraza la Taifa la Elimu ya Juu limelipa idhini somo hilo, si chuo peke yake. Wako waliosoma miaka mitatu wakarudi na karatasi isiyotambuliwa na mwajiri yeyote.

Kwa ndugu zetu Wasabato neno hili ni zito zaidi. Wanafunzi watatu wa imani hiyo waliishtaki Makerere kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2006. Basi Msabato aisome barua ya kukubaliwa neno kwa neno kabla ya kulipa chochote. Kama dhamiri yake haimruhusu kufanya mtihani siku ya Sabato, kipo Bugema, chuo cha kanisa lake, ambako Jumamosi hakuna masomo.

Mama ameuliza pia kwa niaba ya jirani yake, Mkongo, ambaye mwanawe alimalizia sekondari kwao. Cheti hicho lazima kilinganishwe kwanza na Baraza la Mitihani la Uganda, na shughuli hiyo huchukua muda. Asingoje hadi juma la kufungua chuo. Aulize vilevile kama atatozwa ada ya mwananchi au ya mgeni, kwa maana tofauti yaweza kuvunja safari nzima. Upo mpango wa DAFI, unaogharamiwa hasa na Serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR tangu mwaka 1992. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, lakini haubagui dhehebu, na kuomba hakumzuii kijana kutafuta njia nyingine.

Kwako wewe, mama: siku baba atakapopata ruhusa, nendeni Mbarara watatu pamoja, binti akiwamo. Mwulizeni mhasibu jumla ya mwaka, pamoja na malazi, chakula na vitabu, si ada ya muhula wa kwanza tu. Udaktari ni miaka mitano, na askari huhamishwa wakati wowote; wekeni fedha za muhula wa pili kando kabla ya kulipa wa kwanza. Wazee wa kanisa nao waombeni barua ya kumtambulisha binti kwa mchungaji wa Mbarara. Hilo wanaliweza, na halina ada.