Mtoto, simu na ndege asiyetaka kupigwa picha

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa dada yangu hapa Chang'ombe. Mwanawe wa miaka tisa alichukua simu ya mama yake, akawa anamkimbiza tetere uani. Kila akimkaribia, tetere anaruka. Mwishowe akaokota jiwe akamrushia.

"Mamdogo, hataki kupigwa picha!" akanung'unika.

Dada akanitazama. Kwa miezi kadhaa amekuwa akilalamika kwamba mtoto huyu hatulii, hata madaftari yanarudi kazi nusu nusu. Nilitaka kumfokea, lakini nikamkalisha chini ya mwarobaini nikamsimulia habari za kwale wa Udzungwa.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ya Udzungwa. Walipopakua chakula, wakaona miguu ya ndege ambayo si ya kuku, wala si ya kwale waliyemjua. Walikuwa wanakula ndege ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina! Baadaye walimwona akiwa hai msituni, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi. Jamaa zake wa karibu wako Asia, si Afrika. Mwaka 2005 wenzake wa milima ya Rubeho nao wakapewa jina lao. Sehemu ya milima hiyo iko Mpwapwa, mkoa wetu huu huu wa Dodoma.

"Kwa hiyo walimla kabla ya kumpiga picha?" mtoto akauliza, akacheka mpaka akashika tumbo.

Nikamweleza kwamba kumpiga picha ndege huyu ni kazi ngumu. Anatembea chini kwenye majani makavu, rangi yake inafanana nayo, na akisikia hatua za mtu anajificha. Ukimkimbiza unaambulia majani tu. Njia mojawapo ni kufunga kamera kwenye mti, usawa wa chini. Kamera hiyo inahisi joto na mwendo wa mnyama, kisha inapiga yenyewe. Watu wanaondoka, wanarudi baada ya siku nyingi kuangalia kilichonaswa.

"Basi na sisi tusubiri," akasema.

Tukaweka maji kwenye kisahani, tukakaa mbali kidogo. Dakika tano za kwanza alijikuna, akauliza saa, akahama kigoda mara tatu. Kisha akanyamaza. Baada ya karibu dakika ishirini tetere akarudi kunywa maji. Picha iliyopatikana ina mkia tu, tena umefifia. Lakini mtoto alimweleza mama yake mkasa mzima kwa mpangilio, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Wazazi, sisemi kwamba dawa ya mtoto asiyetulia ni ndege. Kama hali hiyo inamsumbua nyumbani na shuleni pia, mpelekeni kituo cha afya akaangaliwe. Ninachosema ni kwamba mimi na dada tulikuwa tumeshamhukumu mtoto kabla ya kumpa kitu kinachostahili kusubiriwa. Na kukaa nje mchana kuna faida nyingine: watoto wanaotumia muda mwingi nje wana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali.

Mkijaribu nyumbani, chagueni asubuhi au jioni, maana jua la Dodoma mnalijua. Mtoto avae kofia na awe na maji ya kunywa. Asisogelee kiota, kwa sababu ndege akisumbuliwa anaweza kuyatelekeza mayai. Asiguse ndege mgonjwa au aliyekufa, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni. Manati ibaki ndani.

Jana dada amenipigia. Kisahani bado kipo uani, na mtoto ndiye anayebadilisha maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mawe, anasema, hajayaona tena.