Waraka Uliolala Ofisini: Barua ya Wazi kutoka Kizimbani

Kizimbani, Unguja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa ofisi ya elimu inayohusika,

Mimi ni mzazi wa hapa Kizimbani, na waraka ninaoukusudia unaufahamu, kwa kuwa uliletwa ofisini kwako na wanakamati wa skuli mbili wakifuatana na sheha, ukapokelewa, ukagongwa muhuri, na tangu siku ile haukurudi wala haukujibiwa. Jina lako silitaji, maana muradi wangu si kukufedhehesha, bali ni kukueleza kimya kile kimegharimu nini.

Binti yangu aliingia katika mtihani wa vitendo wa kemia wa Kidato cha Nne hali hajapata kushika bureti hata siku moja.

Skuli yake haina maabara. Skuli jirani inayo, mwendo wa nusu saa kwa miguu chini ya mikarafuu, na alasiri nyingi hukaa imefungwa kwa kufuli. Wazee wa pande mbili walikaa barazani, wakapatana, na mapatano yao hayakuwa maneno matupu: waliandika siku za kukutana, nani atunze ufunguo, kamati ipi ilipe chombo kikivunjika, dawa zilizotumika zirudishwe vipi, na mwalimu yupi awasindikize watoto barabarani, na ili hisani ilipwe kwa hisani, mwalimu wetu wa hisabati angekwenda kusomesha upande wa pili, ambako somo hilo lilikosa mwalimu. Fedha ya serikali haikuombwa hata senti. Waraka ule uliomba kibali tu, kwa sababu mwalimu mkuu wa skuli ya pili alisema, naye alisema haki, kwamba hawezi kupokea watoto wa skuli nyengine bila ya idhini, asije akabeba dhima peke yake mtoto akiungua.

Kibali hakikuja. Watoto wa upande wa pili wakakosa hisabati, walimu waliojitolea wakavunjika moyo, kamati ikaacha kukutana. Na binti yangu, aliyekariri majina ya vyombo vyote kutoka kitabuni, akawekewa bureti mezani kwa mara ya kwanza siku ile ile aliyokuwa akipimwa kwa kuitumia. Aliniambia mikono ilimtetemeka hata akapoteza hesabu ya matone. Alikuwa akitamani ukunga. Leo anachambua karafuu pamoja nami, na kila nikivitazama vidole vyake, vyepesi na vyenye uangalifu, nakumbuka kwamba vilinyimwa bureti iliyokuwa nusu saa tu kutoka nyumbani.

Mheshimiwa, mashamba haya yanajua faida ya jirani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Saleh bin Haramil alipopanda karafuu Mtoni na hapa Kizimbani, lau miche ingalizuiliwa ndani ya ua wa shamba moja, Unguja isingalijulikana duniani kwa zao hilo. Na Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilifanywa amana ya umma mzima. Basi maabara iliyojengwa kwa mali ya umma ni ya mtoto wa umma, awe amevaa sare ya skuli hii au ile. Vituo vyetu vya walimu vimekwisha kuthibitisha kwamba walimu wa skuli mbalimbali waweza kukusanyika wakafaidiana; kipi kinachowazuilia wanafunzi? Na si skuli mbili hizi pekee. Hapa hapa Kizimbani pana chuo cha kilimo na mashamba ya utafiti, na watoto wetu huyapita njiani bila ya mapatano yoyote ya kuwaingiza. Popote ofisi inapozihesabu skuli za umma kila moja peke yake, umasikini wa skuli huwa hukumu ya mtoto, ilhali dawa yake iko ng'ambo ya barabara.

Kwa hivyo nataka mambo matatu. Waraka ule ujibiwe kwa maandishi, ukubaliwe au ukataliwe kwa sababu inayotajwa. Uwekwe muda maalumu ambao ofisi yoyote ya elimu lazima iwe imejibu mapatano ya skuli jirani. Na kamati za skuli, kwa ushahidi wa masheha, zipewe ruhusa ya kuazimana walimu, vyumba na vyombo pasipo kungojea mwaka mzima.

Mdogo wake binti yangu yumo Kidato cha Pili katika skuli ile ile. Naye anaipenda kemia. Imebaki miaka miwili kabla hajawekewa bureti mezani, na waraka bado uko kwako.

Wako mwenye huzuni na matumaini,

Mzazi wa Kizimbani