Punguzo la Bei Si Akiba

Wanaotetea serikali kununua leseni za programu za kompyuta kwa mkupuo wana hoja ambazo hurudiwa kila bajeti inapokaribia. Mkataba wa jimbo la California, Marekani, na kampuni ya Oracle ulizipima zote.

Wanasema ukinunua nyingi, unaokoa. Bei ya leseni moja hushuka, hilo sikatai. Lakini leseni isiyotumika ni hasara hata ikiuzwa nusu bei. Mei 31, 2001, California ilisaini mkataba wa miaka sita, wa takriban dola milioni 95, wa programu za hifadhidata kwa watumishi hadi 270,000. Mkaguzi wa jimbo alipotoa ripoti yake Aprili 2002, alieleza kwamba karibu miezi kumi ilikuwa imepita bila idara hata moja kuchukua leseni mpya. Alikadiria kuwa jimbo lingeweza kulipa hadi dola milioni 41 zaidi ya ambazo lingetumia bila mkataba huo.

Wanasema akiba ilipigiwa hesabu. Na nani? Na Logicon, wakala aliyekuwa akiuza leseni hizo hizo! Viongozi walizipokea takwimu zake bila kuzihakiki, wala mahitaji ya idara hayakuchunguzwa ipasavyo. Mnunuzi anayepumbazwa na hesabu za muuzaji ameshashindwa kabla ya kuketi mezani.

Wanasema punguzo lina siku ya mwisho, hakuna muda wa zabuni. Mei 31, siku California iliposaini, ndiyo siku Oracle hufunga mwaka wake wa fedha. Haraka ilikuwa ya muuzaji, na umma ndio uliokosa ushindani wa bei.

Wanasema pia heri kuzidisha kuliko kupungukiwa. Mwaka 2023 mkaguzi wa ndani wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, alieleza kuwa shirika hilo lilitumia takriban dola milioni 15 katika miaka mitano kwa leseni za Oracle zisizotumika, kwa sehemu kwa kuogopa kukaguliwa na kampuni hiyo. Dawa ya hofu hiyo ni daftari la leseni, na Marekani iliifanya sharti la kisheria kwa mashirika yake mwaka 2016.

Julai 2002 mkataba wa California ulifutwa. Afisa ununuzi, kabla hujatia saini, dai orodha ya watumiaji kutoka kila idara, iliyoandikwa na idara zenyewe.