Walioifundisha Kompyuta Kiswahili



Watu wakitaja waanzilishi wa kompyuta, hutaja majina ya Ulaya na Marekani. Ni haki yao. Lakini wapo waanzilishi wengine wa hapa kwetu, na ni wachache wanaowakumbuka.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na baadaye katazo hilo likalegezwa. Hata hapo mashini ilikuwa mgeni asiyejua kubisha hodi: maneno ya kiooni mwake yalikuwa ya Kiingereza. Mkulima asomaye vema katekisimu na gazeti, mbele ya mashini hiyo alionekana kama asiyejua kusoma.

Basi wakatokea watu wa idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakashirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na mafundi kutoka Sweden. Walichagua programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, iitwayo OpenOffice, kwa kuwa hutolewa bure na kila mtu ana ruhusa ya kuibadili. Hawakuwa na haja ya kungoja tajiri awaonee huruma. Mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, yenye maneno ya Kiswahili.

Kazi hiyo si kufungua kamusi tu. Neno likiwa refu, halienei mahali pake kiooni. Likiwa geni mno, msomaji hupotea. Na jambo moja likipewa majina mawili, mtu hudhani ni mambo mawili. Hata mashini yenyewe, wengine huiita kompyuta, wengine tarakilishi.

Kanisa laijua kazi ya namna hii. Padre Charles Sacleux alikaa miaka mingi pwani yetu akikusanya maneno, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilianza kuchapwa Paris mwaka 1939. Tena siku ya Pentekoste, kila mtu alisikia habari njema kwa lugha yake mwenyewe.

Je, sisi yatuhusu nini? Leo simu nyingi hukubali Kiswahili. Hata hivyo ziko nyumba ambamo mama akitaka kutoa fedha alizotumiwa na mwanawe, humpa mtu baki simu pamoja na namba ya siri, ili amsomee. Huo ni mlango wazi kwa mwizi. Enyi vijana, mpangieni mama simu yake kwa Kiswahili, mwonyesheni mara mbili tatu, kisha mwacheni asome mwenyewe. Namba ya siri ibaki kichwani mwake.

Hiyo ndiyo shukrani tutakayowapa wale waliotufanyia kazi, ingawa majina yao hatuyajui.

Karani wenu,
Horohoro.